Thamani ya Nyumba Imo Uani: Safari ya Gede na Lamu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia majumba yetu kuwa mahali pa utulivu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Hapa pwani, mtu akitaka kuipandisha thamani nyumba yake, jambo la kwanza limjialo akilini ni chumba. Huongeza chumba cha kupangisha, hubadilisha madirisha, hupaka rangi, hubandika vigae. Nje hukumbukwa mwisho, fedha zikiwa zimekwisha. Hapo huletwa lori la kabro, ua ukafunikwa ukuta hadi ukuta, na kazi ikahesabiwa kuwa imetimia.

Hivi karibuni nilijaaliwa kusafiri kwa njia ya nchi kavu kutoka Mombasa hadi Lamu, nikashuka Gede njiani. Nataka niwasimulie wasomaji wa jarida hili, hasa akina mama ambao ndio wakaao na ua kutwa kucha, yale niliyoyaona katika mawe ya miji hiyo. Sehemu kubwa ya thamani ya nyumba ya Mswahili imo katika kazi ya mawe iliyo nje ya vyumba: daka, baraza, ua, sakafu, mfereji, kisima na birika. Anayeiharibu kazi hiyo kwa kutamani kipato cha haraka huipunguza nyumba yake, na huwapunguzia warithi wake mafungu yao.

Neno lenyewe kwanza

Mafakihi wametenganisha baina ya mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. Liko thaman, nayo ni bei waliyoafikiana muuzaji na mnunuzi. Iko qima, nayo ni kadiri kitu kinachostahiki mbele ya watu wenye ujuzi nacho. Neno letu la Kiswahili, thamani, lilitoka katika lile la kwanza, lakini aghalabu tunalitumia kwa maana ya hili la pili. Mtu aweza kubahatika akapata bei kubwa kwa nyumba mbovu iliyopakwa rangi nzuri. Qima haibahatiwi, hufuata manufaa yaliyomo.

Tena, katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho wengi wetu tulikisoma mbele ya masheikh zetu, imebainishwa kwamba anayeuza nyumba huwa ameuza pamoja nayo ardhi na kila kilichojengwa humo. Ndoo ya kisimani, kapi lake na kitanda havimo katika mauzo hayo, kwa kuwa ni vitu vya kuhamishika. Tuitafakari hukumu hii kwa jicho la mwenye nyumba. Zulia, pazia na kabati tulizozigharimia vitatoka siku tutakayotoka sisi. Baraza, sakafu ya ua na birika vitabaki, na ndivyo atakavyovilipia mnunuzi, au atakavyovirithi mtoto.

Gede: kilichobaki baada ya paa kuanguka

Kutoka Mombasa hadi Gede ni mwendo wa kilomita 100 hivi katika barabara iendayo Malindi. Mji huo umo ndani ya msitu, karibu na Watamu. Ulisitawi kwa karne kadhaa, kisha ukahamwa katika karne ya 17, miti ikauficha. Mwaka 1948 mtaalamu wa mambo ya kale, James Kirkman, alianza kuufukua, na mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Humo limo kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, sawa na 1399 Miladia, nasi tulisimama hapo tukawaombea dua waliotutangulia.

Anayeingia Gede kwa mara ya kwanza huona kuta tupu. Boriti za dari zimeoza, makuti yamekwenda, milango haipo, mikeka na vyombo vya watu wa nyumba vimekuwa udongo. Lakini mtu akitembea polepole na kuangalia chini zaidi kuliko juu, nyumba huanza kujieleza. Nyua ziko pale pale, nyingine zimeshushwa chini kuliko njia, ili anayeingia ashuke kidogo na kutulia kabla ya kufika vyumbani. Visima viko, vimezungushiwa mawe. Vyoo viko, na mahali pa kuogea na kujisafishia. Kwenye msikiti mkubwa kiko kisima na birika la kutawadhia. Moja ya nyumba hizo wataalamu wameiita Nyumba ya Birika, kwa sababu ya birika lililokutwa humo.

Niliwatazama wanafunzi wa shule waliokuwa wakitembezwa siku hiyo. Mwongoza wageni alipotaka kuwaonyesha jinsi watu wa Gede walivyoishi, hakuwa na chumba cha kuwaonyesha, maana chumba bila ya paa na matandiko hakisemi mengi. Aliwaonyesha ua: hapa mgeni alisubiri, hapa maji yalitekwa, huku maji machafu yalitoka. Miaka zaidi ya 300 tangu kuhamwa, mji huo bado unasomeka, na unasomwa kwa kazi ya mawe ya nje.

Lamu: kutoka njiani hadi kiwandani

Baada ya Gede tulishika njia ya Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, na kutoka Mokowe tukavuka kwa mashua. Lamu haihitaji kusifiwa na mimi. Mji wake wa kale uko katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 2001, na ngome yake, iliyokamilishwa mwaka 1821, bado imesimama karibu na soko. Mimi nilikwenda kutazama nyumba za mawe za Mkomani, na nilizitazama kwa mpangilio ule ule anaoufuata mgeni anapobisha hodi.

Kitu cha kwanza ni daka. Ni kibaraza cha mlangoni chenye paa, kimeinuliwa kidogo kutoka njiani, na kulia na kushoto pana viti vya mawe vinavyoelekeana. Mwenye nyumba hukutana hapo na mgeni asiyestahiki kuingia ndani, au aliyekuja kwa neno dogo. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun-Nur tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na tuwasalimu wenyewe. Daka ni amri hiyo iliyojengewa mahali pake. Mtu hupewa kiti, kivuli na heshima, na wenye nyumba hawaharakishwi kujisitiri. Na kwa kuwa daka limeelekea njia, wakaao hapo hubeba zile haki za njia tulizofunzwa na Mtume wetu (s.a.w.): kuinamisha macho, kujizuia na udhia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu.

Nyuma ya mlango iko tekani, nafasi ndogo ya ndani, na njia hupinda. Mlango ukisahauliwa wazi, apitaye njiani huona ukuta tu. Fundi wa zamani hakumtegemea mtu akumbuke pazia; sitara aliijenga kwa mawe.

Kisha mtu hutokea kiwandani. Wasomaji wa bara wasidhani ni mahali pa mashine. Kiwanda katika Lamu ni ua wa ndani ulio wazi juu. Hapa ndipo moyo wa nyumba ulipo. Vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake ulitegemea urefu wa boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida haziruhusu kuzidi mita 3 hivi. Tena havina madirisha makubwa ya kuelekea njia. Mwanga wao na hewa yao hutoka kiwandani: hupita katika misana, yaani kumbi zilizo wazi upande mmoja, mpaka kufika ndani. Kiwanda hiki ndipo mama anapokunia nazi, anapoanika, anapowasomesha watoto wadogo alasiri, na anapopumzika bila ya buibui kwa kuwa hapana jicho la nje. Kwenye nyumba moja niliona mwasumini umepandwa katika kitalu cha mawe pembeni, na mrehani kwenye bati la maziwa.

Chini ya miguu kuna sakafu ya chokaa. Ukimwaga kata ya maji katikati, maji hayasimami; hujua yanakokwenda. Yamepewa mteremko mdogo usioonekana kwa macho, na tundu la kutokea. Karibu na hapo pana birika la maji, na katika mabirika ya zamani walitia visamaki ili wale viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa walijengea bakuli la Kichina, ili birika likipungua maji, samaki wapate mahali pa kujihifadhi. Tafadhali tuizingatie akili hiyo. Bakuli lile ni pambo, ni hifadhi ya kiumbe, na ni kinga ya homa kwa watoto wa nyumba, yote kwa pamoja.

Chokaa na saruji

Fundi mmoja mzee wa Langoni alinieleza kazi ya chokaa kwa subira kubwa. Matumbawe hupangwa juu ya magogo, yakachomwa mpaka yakawa meupe na mepesi. Kisha hutiwa maji, yakachemka na kufumuka. Chokaa hiyo huachwa ikae muda mrefu kabla ya kutumiwa, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini na yenye kushika. Ukuta wa matumbawe una vitundu. Hunywa unyevu wa ardhi na wa bahari, na kupitia chokaa huutoa tena nje. Ukuta hupumua.

Alinipeleka nyuma ya nyumba moja akanionyesha ukuta uliopigwa lipu ya saruji. Kwa mbali ulikuwa umenyooka kama ubao. Karibu, lipu ilikuwa imetuna, na aliposukuma kwa kidole kipande cha ukubwa wa sahani kilianguka. Nyuma yake mawe yalikuwa yamelowa, na chumvi nyeupe imetanda. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu. Maji yaliyomo ukutani hukosa pa kutokea, hupanda juu, na chumvi huumega ukuta kutoka ndani. Hali ni hiyo hiyo kwa sakafu ya kiwanda ikifunikwa zege nzito: unyevu uliokuwa ukitoka chini kwa utulivu husukumwa pembeni, ukaingia katika kuta za vyumba.

Simaanishi kwamba saruji ni mbaya. Kwa nyumba iliyojengwa kwa matofali ya saruji au kwa mawe ya kukata ya Tiwi na Kilifi, ina mahali pake. Ninachosema ni kwamba nyumba ya chokaa itengenezwe kwa chokaa, na mwenye nyumba amtafute fundi aijuaye, hata kama atangoje miezi miwili.

Mjane na mafungu ya mirathi

Katika Mkomani nilikaribishwa na mama mmoja mjane. Alimtuma mjukuu wake kuniita, akakaa nyuma ya pazia la msana na mwanawe mkubwa akakaa nami. Nyumba ile ilikuwa ya marehemu mumewe. Miaka mingi nyuma, wakati mji umejaa wageni wa kazi, familia ilikifunika kiwanda kwa mabati na kujenga humo vyumba viwili vya kupangisha. Kodi ilisaidia kwa muda. Lakini vyumba vya zamani vilivyozunguka kiwanda viliingia giza, maji ya bati yakawa yanamwagikia ukutani kila masika, na lipu ya saruji iliyopigwa kuficha unyevu ikaanza kuanguka. Wapangaji wakahama. Sasa mume amefariki, na warithi wanataka kuuza na kugawana.

"Sheikh wangu," akasema mama yule, "alikuja mnunuzi, akaingia, akaangaza macho, akauliza kiwanda kiko wapi. Tukamwambia ndicho hiki umesimama. Akatucheka kwa adabu, akasema basi yeye atanunua kiwanja."

Nikamuuliza nyumba ya jirani, ambayo ni ya ukubwa ule ule, ilikuwa na hali gani.

"Wale hawakugusa kitu," akajibu. "Daka lao lile lile la babu, kiwanda wazi, birika wamelisafisha. Watoto wao wanapokea wageni humo na hawafikirii kuuza. Na waliotaka kununua walitaja bei ambayo sisi hatujaisikia mlangoni kwetu."

Kisha akauliza swali lililonifanya nikae kwa muda kabla ya kujibu: "Tukiyavunja hayo mabati na kuzirudisha kuta kwa chokaa kabla ya kugawana, tutakuwa tumedhulumu mtu? Maana binti zangu wanaambiwa wachukue fedha kidogo waliyonayo ndugu zao, mambo yaishe."

Swali hili lina uzito kwa familia nyingi zitakazoisoma makala hii. Mjane mwenye watoto ana thumni, na kilichobaki huwa ni cha watoto, mwanamume fungu mara mbili ya mwanamke. Hizo ni hisa zilizokadiriwa na Mwenyezi Mungu, na hakuna awezaye kuzibadili. Lakini hisa ni sehemu ya kitu, na kitu hicho huthaminiwa na wanadamu. Nyumba ikithaminiwa kama gofu, fungu la binti nalo huthaminiwa kama gofu. Anayeharakisha kugawana wakati nyumba imeharibika, huku akijua kwamba kwa matengenezo ya miezi michache qima yake itapanda, na nia yake ni kuinunua mwenyewe hisa ya dada yake kwa rahisi, basi na amche Mola wake.

Nilimjibu kwamba matengenezo kabla ya kugawana hayana ubaya, maadamu warithi wote waliobaleghe na wenye akili timamu wameridhia. Kila kinachotolewa kiandikwe, kijulikane ni mchango au ni deni. Akiwamo mtoto mdogo, fungu lake lisiguswe isipokuwa kwa maslahi yake, na kwa kupitia walii wake na kadhi. Nikawakumbusha pia kwamba mji ule umehifadhiwa, na kuvunja wala kujenga hakufanywi bila ya idhini ya wahusika. Na mmoja wao akitaka kuiuza hisa yake kwa mtu wa nje, washirika wenziwe wasisahau mlango wa shufaa, nao una masharti yake. Wamuulize kadhi kabla ya kutia saini.

Usiku ule warithi walikaa, mabinti nao wakawamo, kila mmoja akatoa neno lake. Walikubaliana wasiuze mwaka huu. Kodi ya duka moja la marehemu itumiwe kuondoa mabati na kumlipa fundi wa chokaa, kisha nyumba ithaminiwe na mthamini asiye wa upande wowote. Waliliandika hilo mbele ya mashahidi wawili. Binti mkubwa alitaka liongezwe neno moja, nalo likaongezwa: kwamba kiwanda hakitajengwa tena.

Mombasa: ua wa kabro na haki ya jirani

Wengi wetu hatuishi katika nyumba za Mkomani. Tunaishi Kisauni, Likoni, Bamburi au Mtwapa, katika viwanja vidogo vilivyozungushiwa ukuta. Je, mawe ya Gede na Lamu yana faida gani kwetu? Yana faida kubwa, na naanza na maji.

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Ua wa mita 10 kwa 15 una mita za mraba 150. Mvua ya masika ya milimita 40, ambayo hunyesha asubuhi moja, hutia katika ua huo lita 6,000, nayo ni mitungi 300 ya lita 20. Ardhi ya mchanga hunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Ua uliofunikwa wote kwa zege, au kwa kabro zilizozibwa kwa saruji, hunywa kidogo mno. Basi mitungi ile itakwenda wapi? Itakwenda chini ya msingi wa nyumba yako, au chini ya mlango wa jirani yako.

Katika misingi mikuu ya fikihi yetu, madhara ni kitu cha kuondolewa, na mtu hawi huru kuitumia milki yake kwa namna ya kumtesa aliye ubavuni mwake. Nimewahi kuitwa kusuluhisha majirani waliosali safu moja kwa miaka, wakanyimana salamu kwa sababu ya ua mmoja kuinuliwa kwa kabro na maji kuhamia upande wa pili. Aliyejenga alikuwa ametumia fedha nyingi na ua wake ulipendeza. Lakini nyumba yenye ugomvi wa maji na jirani imepungua qima, kwa sababu mnunuzi mwerevu huuliza majirani kabla ya kuuliza bei. Mtume (s.a.w.) amelihesabu jirani mwema pamoja na makazi yenye wasaa katika mambo ya saada ya mtu.

Kwa hiyo, mwenye kutaka kuitengeneza nje ya nyumba yake na aifuate taratibu hii.

Kwanza, aanze na mteremko. Sakafu yoyote ya nje ishuke kutoka ukutani kwenda nje, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, na maji yapewe njia ya kutokea isiyomuudhi mtu: mfereji, shimo la mawe la kunywea maji, au tangi. Maji ya paani yakingwe. Paa la mita za mraba 100 kwa mvua ile ile hutoa lita 4,000, na kila mama wa Mombasa aliyewahi kumsubiri mtu wa mkokoteni wa maji anajua lita hizo ni nini.

Pili, agharimie chini kabla ya juu. Kabro haibebwi na urembo wake. Hubebwa na kifusi kilichoshindiliwa vizuri, tabaka jembamba la mchanga, na ukingo imara pembeni unaozuia mawe yasitawanyike. Kabro za unene wa milimita 60 zatosha kwa miguu na gari dogo. Pale litakapopita lori la kunyonya maji taka, ziwekwe za milimita 80. Na mifuniko ya shimo la choo isifukiwe. Nimeona nyua nzuri zikivunjwa mwaka wa pili kwa kuwa hakuna aliyekumbuka mfuniko uko wapi.

Tatu, asifunike kila kitu. Aache ardhi wazi kwa mti mmoja au miwili, na kitalu kando ya ukuta. Kabro na zege hushika joto la mchana na kulirudisha usiku vyumbani, na kivuli cha mwarobaini au mkomamanga hupunguza joto hilo.

Nne, achague jiwe la karibu. Mawe ya Mazeras na ya Galana yametandazwa katika nyua na kuta za nchi nzima. Sisi tulio jirani nayo mara nyingi hulipia nauli ya vitu vya mbali vilivyo dhaifu kuliko hayo. Kununua ghali ili kujionyesha ni israfu, na kukopa kwa riba ili kupamba ua ni kuitia nyumba moto kwa mkono wa mwenyewe.

Tano, na hili nawaambia wanaume wenzangu: wanawake wa nyumba washauriwe kabla ya fundi kuitwa. Wao ndio wajuao jua la saa tisa hupiga wapi, watoto huanguka wapi, wapi jirani wa ghorofani huona. Baraza ya mawe iliyojengwa mahali pa kivuli, yenye ukuta wa sitara wa kimo cha mtu, hugharimu kidogo kuliko chumba, nayo huiongezea nyumba mahali pa kukaa, kudarsisha na kupokea wageni wa kike.

Na siku ya kuuza ikifika, muuzaji aseme ukweli. Ikiwa chini ya sakafu nzuri pana unyevu, au bomba bovu, au maji husimama masika, mnunuzi ana haki ya kujulishwa. Si halali kwa Muislamu kumuuzia nduguye kitu chenye kasoro anayoijua bila ya kumbainishia. Baraka ya mauzo imo katika kusema kweli, na rangi mpya haifuti jambo hilo.

Wahenga wetu husema nyumba njema si mlango. Mvua ya kwanza ya masika ikinyesha, baba na mama wasimame mlangoni na watazame maji ya ua wao yanakwenda wapi, kisha watoke watazame yanafika kwa nani. Watakachokiona kitawatosha kujua kazi ianzie wapi.

Mwenyezi Mungu atujaalie majumba yenye wasaa, majirani wema na vizazi visivyodhulumiana katika mirathi, na awarehemu mafundi waliotuachia mawe yenye mafunzo. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.